Koo la Mtoto na Moyo Wake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na jamaa zao, Changamwe)



Mimi si mganga, ni mfanya kazi kama ninyi. Lakini jambo hili limenifika nyumbani kwangu.

Mwanangu alikuwa na miaka 9 alipougua koo. Tukampa maji ya chumvi asukutue, na siku ya nne akarudi shuleni. Baada ya wiki 3 goti likavimba, na homa ikampanda. Mimi nikalaumu mpira. Goti likapoa, kikavimba kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Tukamkanda kwa mafuta. Tulipofika hospitali, mganga hakukaa sana na viungo. Alisikiliza moyo wake kwa muda mrefu.

Ugonjwa huo ni homa ya baridi yabisi. Msidhani ni ile baridi yabisi ya wazee. Chanzo chake ni vijidudu viitwavyo streptokoki, ambavyo huingia kooni. Mwili hupigana navyo, lakini kwa baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, ulinzi wa mwili hukosea adui, ukashambulia viungo vya mtoto mwenyewe na moyo wake. Viungo hupoa. Moyo waweza kubaki na jeraha: vilango vyake vinavyozuia damu isirudi nyuma huwa vigumu au huvuja. Ugonjwa ukirudi, jeraha huzidi. Miaka hupita kimya, hata kijana aanze kubeba mizigo, au mwanamke ashike mimba, ndipo pumzi humkatika.

Ndugu zangu, dawa yake ni ya zamani: penisilini. Mwaka 1950 waganga wa Marekani walitangaza kwamba askari waliotibiwa koo kwa penisilini kambini, ni wachache sana waliopata homa hiyo. Na kwa jirani zetu, kaskazini ya Uganda, walichaguliwa watoto na vijana 818 ambao vilango vya moyo vilikuwa vimeanza kuharibika. Nusu walidungwa sindano ya penisilini kila wiki 4. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: baada ya miaka 2, waliozidiwa kati ya waliodungwa hawakufika hata 1 katika kila 100, kati ya wasiodungwa walikuwa kama 8.

Shida basi si dawa tu, ni siku ya sindano. Mtoto anacheza, twasema amepona. Baba yuko zamu. Kibarua akikosa siku, amekosa mshahara. Mimi nilipitisha sindano 2 kwa ajili ya zamu, na homa ikarudi. Kosa hilo nalijutia mpaka leo.

Kwa hiyo naomba mambo manne:

1. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, apelekwe zahanati upesi, wala asingojewe hata zipite siku 9. Si kila koo ni la vijidudu hivi, ndiyo maana apimwe. Akipewa dawa, aimalize.

2. Tarehe ya sindano iandikwe ukutani, na isikosekane mpaka mganga aseme basi.

3. Halmashauri yetu iwadai waajiri ruhusa ya siku ya sindano pasipo kukatwa mshahara, na vibarua wahesabiwe pia.

4. Tusinyamaze juu ya nyumba. Watu 6 wakilala chumba kimoja, koo la mmoja huwa la wote. Dai la nyumba ni dai la afya.

Wahenga walisema, mdharau mwiba, guu huota tende. Wenye watoto wa sindano, tafadhali jiandikisheni kwa katibu wa tawi kabla ya kuondoka, ili tuingie kwa waajiri na hesabu mkononi.

Umoja ni nguvu.