Nafasi ya Hitilafu katika Mafunzo ya Otomatiki na Roboti

Mhadhara huu unahusu namna vyuo vinavyopaswa kumwandaa kijana anayetaka kufanya kazi katika fani ya otomatiki, yaani uendeshaji wa mitambo kwa vidhibiti badala ya mkono wa binadamu, na fani ndugu yake ya roboti. Hoja inayotetewa ni kwamba umahiri wa mtaalamu wa fani hii hudhihirika mtambo unaposimama, wakati yeye anapotakiwa kueleza kwa nini umesimama; kwa hiyo chuo hakina budi kuiweka hitilafu katikati ya mtaala, badala ya kumwacha mhitimu akutane nayo kwa mara ya kwanza kiwandani.

Historia ya fani inaiunga mkono hoja hii. Roboti ya kwanza ya viwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, ikishika vipande vya metali ya moto vilivyotoka kwenye mashine ya kusubu, kazi iliyokuwa ya hatari kwa wafanyakazi. Hata hivyo, viwanda vingi vilibadilishwa zaidi na kifaa kisichovutia macho, ambacho mafundi hukiita PLC: kompyuta imara ya kiwandani inayosoma hali ya vifaa, kufuata programu iliyopewa, kisha kuziamuru mota na vali. Kabla yake, udhibiti ulitegemea rilei, yaani swichi zinazofungwa na kufunguliwa kwa sumaku ya umeme, ambazo zilijazana makabatini kiasi kwamba kuitafuta moja iliyoharibika kulichukua muda mrefu, na kila mtambo ulipobadilishiwa kazi nyaya zililazimika kuungwa upya. Adha hiyo ndiyo iliyoifanya General Motors, mwaka 1968, kutafuta kidhibiti mbadala, na miongoni mwa majibu yaliyopatikana ni Modicon 084, iliyobuniwa na Dick Morley na wenzake. Programu zake ziliandikwa kwa michoro ya ngazi, iliyofanana na michoro ya rilei, ili mafundi umeme waliokuwapo waweze kuisoma na kuitumia kutafuta kasoro.

Fikra hiyo ya kuiwezesha kasoro kuonekana imejificha hata katika mambo ambayo mwanafunzi huyakariri bila kuyahoji. Kihisi cha kina cha maji katika tangi, kwa mfano, kwa kawaida hutuma mkondo wa miliampea 4 tangi likiwa tupu na miliampea 20 likiwa limejaa, na mwanafunzi anayeuliza kwa nini kipimo hakianzi sifuri amekwisha kuufikia moyo wa somo. Waya ukikatika, mkondo huwa sifuri. Lau sifuri ingekuwa na maana ya tangi tupu, kidhibiti kingeamini kwamba maji yamekwisha na kuiacha pampu isukume hadi tangi lifurike. Kwa kuwa kipimo kinaanzia 4, sifuri inabaki kuwa ishara ya hitilafu. Kitufe cha kusimamisha mashine kwa dharura nacho huungwa kwa mantiki hiyo hiyo: wakati wote sakiti yake imefungwa na umeme unapita, hivyo mtu akikibonyeza, au panya akiukata waya wake, matokeo ni yale yale, mashine inasimama.

Mafunzo yanayofuata mantiki hii hayahitaji kwanza mkono wa roboti wa bei kubwa. Mkanda mfupi wa kusafirishia chupa, kihisi cha mwanga, mota ndogo na PLC moja vinatosha, mradi mwalimu aruhusiwe kuviharibu kwa makusudi. Mkanda ukigoma, mwanafunzi huweka chupa mbele ya kihisi na kuitazama taa ya ingizo kwenye PLC: isipowaka, kasoro inatafutwa kati ya kihisi na kidhibiti, kwa mita inayoonyesha kama volti 24 zinafika; ikiwaka, macho yanahamia kwenye programu, kisha kwenye upande wa mota. Anayefanya hivyo anajifunza kuligawa tatizo badala ya kubadilisha vifaa kwa kubahatisha, na nidhamu hiyo ndiyo atakayoihitaji mbele ya roboti yenye viungo sita.

Afrika Mashariki haianzi kutoka sifuri. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ina mizizi ya mwaka 1957, Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kinafundisha mekatroniki, yaani uhandisi unaounganisha mashine, elektroniki na kompyuta. Taasisi za aina hii zinastahili mitihani inayolingana na kazi yenyewe: mtahini aingize kasoro asiyoijua mtahiniwa, na alama zitolewe kwa mpangilio wa kuitafuta na kwa maelezo yaliyoandikwa, si kwa mtambo kuwaka tu. Viwanda navyo, vinapopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, viwaruhusu kusimama kando ya fundi wakati wa matengenezo, kwa kuwa mkoa wenye mitambo ya kisasa na usio na watu wa kuitengeneza utaendelea kusubiri wataalamu wa mbali, ilhali vijana wake wenye vyeti wapo na hawana kazi.