Mfarishi wa Kuwachangia Askari wa Zamani na Hesabu Zake

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila katibu anajua kuandika stakabadhi ya fedha. Mwanachama hutoa shilingi zake, kitabu hufunguliwa, jina huandikwa, na nakala hubaki kitabuni. Lakini mwanachama akileta kazi ya mikono yake, iwe mkeka, kikapu au kitambaa kilichotariziwa, ili kiuzwe na fedha zimfikie mhitaji, mara nyingi kitabu hubaki kimefungwa. Kitu hupokewa kwa makofi, hupelekwa kwenye meza ya mnada, na baada ya hapo hakuna ajuaye kwa yakini kilileta kiasi gani. Jambo hili lina historia ndefu nchini Marekani, ambako akina mama kwa zaidi ya miaka 150 wamekuwa wakishona mifarishi yenye rangi za taifa lao na kuitoa kwa ajili ya askari. Yafaa historia hiyo isomwe kwa macho ya mtu wa hesabu.

Mfarishi unaosemwa hapa ni blanketi la tabaka tatu. Juu pana vipande vya kitambaa vilivyounganishwa hadi vikatoa umbo. Katikati hutandazwa pamba. Chini huwekwa bitana. Kisha tabaka zote hushonwa pamoja kwa mishono inayopenya toka juu hadi chini, pamba isipate kujikusanya upande mmoja, na mwisho kingo hufungwa kwa utepe wa kitambaa. Kwa mtu wa pwani ya kwetu hilo ni joto lisilo na sababu. Kwa mtu wa Chicago mwezi wa Januari ni kitu cha lazima.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, gazeti moja la akina mama la Philadelphia, Peterson's Magazine, lilichapa katika toleo la Julai kielelezo cha mfarishi wenye nyota na milia. Nyota zilikuwa 34, idadi ya majimbo yote ya nchi, ingawa wakati huo majimbo 11 yalikuwa yamekwisha kujitenga. Aliyeshona nyota zote 34 alikuwa ametoa maoni yake juu ya vita bila kusema neno. Mwezi Juni mwaka huohuo iliundwa Tume ya Afya ya Marekani, chombo cha kujitolea kilichowahudumia askari wagonjwa na majeruhi, na mifarishi mingi ikapelekwa kwa tume hiyo itumike hospitalini. Mingi ilitumika hadi ikachakaa, na iliyosalia hadi leo ni michache mno.

Baadaye ilionekana kwamba tume ilihitaji fedha pia. Ndipo yalipoanza maonyesho makubwa ya kuuza vitu vilivyotolewa na wananchi. Maonyesho ya Chicago ya Oktoba na Novemba 1863, yaliyoongozwa na Mary Livermore na Jane Hoge, yalipata zaidi ya dola 70,000. Yale ya New York ya mwaka uliofuata yalipita dola milioni moja. Rais Lincoln alitoa kwa Chicago mswada wa mkono wake wa Tangazo la Kuwaachia Huru Watumwa, nao ukauzwa kwa dola 3,000. Lakini kwa mkaguzi yeyote jambo la kukumbukwa zaidi ni mkataba wa jengo. Livermore na mwenzake walipotaka kumlipa fundi ajenge ukumbi wa maonyesho, waliambiwa kwamba sahihi zao hazina nguvu kisheria kwa kuwa walikuwa wanawake walioolewa. Ilibidi waume zao watie sahihi. Walioaminiwa kukusanya maelfu ya dola kwa ajili ya majeruhi hawakuweza kuagiza mbao. Livermore alisimulia kisa hicho katika kumbukumbu zake, na baada ya vita aliendelea kupigania haki za wanawake.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, njia nyingine ilienea. Gazeti la Modern Priscilla, katika toleo la Desemba 1917, lilieleza namna ya kukusanya dola 1,000 kwa ajili ya Msalaba Mwekundu kwa mfarishi mmoja tu. Kila mchangiaji alilipa kiasi kidogo, na jina lake likatariziwa kwa uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Majina yakajaa, vipande vikaunganishwa, na mfarishi wenyewe ukaweza kupigwa mnada ili kuongeza fedha. Hapo ndipo ustadi ulipo. Mfarishi huo ulikuwa leja ya wazi. Mtu yeyote angeweza kuhesabu majina, akazidisha kwa kiwango cha mchango, akapata jumla iliyopaswa kuwamo katika sanduku la mtunza fedha. Mwizi angeweza kurarua karatasi. Kufumua majina mia kadhaa bila kuonekana ni kazi ya namna nyingine.

Uzi mwekundu haukuchaguliwa kwa ajili ya msalaba peke yake. Kwa muda mrefu nyekundu ilikuwa rangi ya mashaka kwa washonaji, kwa kuwa huchuja majini ikaharibu nyeupe iliyo kando yake, na waliithamini ile iliyojulikana kama nyekundu ya Kituruki kwa sababu haikuchuja. Mpaka leo mshonaji mwangalifu wa mfarishi wa nyekundu, nyeupe na buluu hufua kitambaa chekundu peke yake kabla ya kukikata. Asiyefanya hivyo hupata habari zake baada ya mfarishi kufuliwa mara ya kwanza, nao umekwisha kufika nyumbani kwa mtu.

Kuna mwiko mwingine ambao wageni wa kazi hii hawaujui. Kanuni za bendera ya Marekani, ambazo Bunge la nchi hiyo lilizipitisha mwaka 1942, zinasema bendera isitumiwe kuwa nguo wala matandiko. Kwa hiyo washonaji wengi hawakati bendera halisi, bali huchukua rangi zake, nyota zake na milia yake, na kuvipanga kwa namna nyingine. Askari wa zamani wengi wanaijua kanuni hiyo vizuri kuliko washonaji.

Kazi ya kikundi ina hatari yake katika vipimo. Uchukuliwe mfarishi wa inchi 60 kwa 80. Ukigawanywa katika miraba ya inchi 10, utahitaji miraba 48, yaani 6 kwa upana na 8 kwa urefu. Kila mraba hukatwa inchi 10 na nusu, kwa sababu robo inchi humezwa na mshono kila upande. Sasa mshonaji mmoja akizidisha mshono kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi tu, kila mraba wake hupungua sehemu moja ya nane, na safu yake ya miraba minane huwa fupi kwa inchi nzima kuliko ya jirani yake. Hakuna aliyefanya kosa la kuonekana, na hata hivyo safu hazikutani. Makatibu waliowahi kusawazisha hesabu za mizani ya mazao wataitambua hali hiyo mara moja.

Mfarishi ukiisha, swali gumu ni moja: uuzwe au apewe askari? Mwaka 2003 Catherine Roberts wa jimbo la Delaware, ambaye mwanawe alikuwa amepelekwa vitani Iraq, alianzisha mpango uitwao Quilts of Valor. Mifarishi ya mpango huo hupewa askari mwenyewe mkononi. Haikushonwa kwa ajili ya mnada. Zaidi ya 300,000 imekwisha kutolewa. Kila mmoja huwa na kitambulisho nyuma chenye majina ya aliyeunganisha vipande, aliyeshona tabaka na aliyefunga kingo. Vikundi vingine huona kwamba askari mwenye deni la nyumba hafunikwi na mfarishi, hivyo huutoa kwa mnada au bahati nasibu. Hoja zote mbili ni za haki, mradi mshonaji aelezwe mapema kazi yake inakwenda wapi. Aliyeshona kwa miezi akidhani mfarishi utalala kitandani kwa majeruhi, kisha akauona mikononi mwa mshindi wa tikiti ya dola moja, ana sababu ya kulalamika.

Bahati nasibu yenyewe inataka hadhari. Majimbo mengi hudai kibali, na Utah hairuhusu kabisa. Tena, upigwe mfano tu: vifaa viwe vimegharimu dola 250, na tikiti ziwe za dola 5. Zikiuzwa 300, mfuko hupata dola 1,500. Zikiuzwa 40, hupata 200, na ingalikuwa heri akina mama watoe fedha za kitambaa moja kwa moja na kubaki na usingizi wao.

Thamani ya usingizi huo haiandikwi popote. Sheria ya kodi ya Marekani humtambulia mshonaji gharama ya vifaa alivyotoa, lakini saa zake za kazi hazihesabiwi. Lililo karibu zaidi na wanaushirika ni la wanawake Weusi wa kaunti ya Wilcox, Alabama, ambao mwaka 1966, wakati wa kupigania haki ya kupiga kura, waliunda chama cha ushirika cha washona mifarishi, Freedom Quilting Bee. Mifarishi yao ilipigwa mnada New York mwaka huohuo, na kuanzia hapo bei ya kazi yao ikawa jambo la kuzungumzwa katika mkutano wa wanachama, si la kuamuliwa na mnunuzi peke yake. Hao hawakuwa wakichangia askari, lakini walijua saa ya kazi ni mali.

Chama kitakachopokea kitu cha namna hii kiandike siku kilipopokelewa, majina ya walioifanya kazi, gharama ya vifaa na idadi ya saa kama walivyoitaja wenyewe, na kama kitauzwa au kitatolewa. Kikiuzwa, iandikwe bei iliyopatikana, idadi ya tikiti zilizouzwa na zilizorudi, na namba ya stakabadhi ya aliyepokea fedha kwa niaba ya askari. Nakala moja ipelekwe kwa walioshona kabla ya mkutano mkuu.