Mlango Uliofunguka Baharini

Somo: Yohana 20:19-20



Leo tungependa tuitafakari picha moja. Ilichorwa mwaka 1951 na Mmarekani Edward Hopper, aliyefariki mwaka 1967. Kwa miaka mingi, majira ya joto yalipofika, yeye na mkewe Josephine walikaa katika nyumba yao ndogo huko Truro, jimbo la Massachusetts, juu ya kilima kielekeacho bahari.

Picha yenyewe ni ya chumba kitupu. Hamna mtu ndani. Upande wa kulia mlango u wazi, na jua limeingia kwa mshazari, likaweka umbo jeupe ukutani na sakafuni, lenye kingo zilizonyoka kana kwamba zimepigwa rula. Upande wa kushoto chaonekana chumba cha pili, nacho kimepata mwanga wake.

Lakini nje ya mlango ule hakuna ngazi, hakuna ua, wala mchanga. Kizingiti kikiisha, ni maji tu. Nyumba ya kweli haikuwa hivyo, maana ufuo ulikuwa chini ya kilima. Mchoraji ameiondoa nchi kavu yote. Mtu akiitazama picha hiyo huingiwa na hofu; ni hatua moja tu, naye atazama. Angependa mlango ufungwe. Lakini ukifungwa, jua nalo litabaki nje.

Siku moja tulikwenda pamoja na wazee wa kanisa kumwona mama mmoja mjane. Ilikuwa saa sita mchana, lakini mlango na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Tuliketi gizani. Akatuambia, “Mchungaji, nikifungua naliona kaburi la baba watoto.” Kwa maana mumewe alikuwa amezikwa pale pale uani. Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulisoma somo hili la leo, tukaomba.

Wanafunzi nao walijifungia kwa hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu. Bwana alipokuja kati yao hakuwakemea. Aliwapa amani, kisha akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Naam, aliwaonyesha majeraha yale yale waliyokuwa wakiogopa kuyakumbuka. Na walipomwona Bwana, wakafurahi.

Tulipokuwa tukiaga, tulishika mlango ili tuufunge nyuma yetu. Yule mama akasema, “Uacheni hivyo hivyo.”

Ndugu msikilizaji, ni mlango gani umeufunga wewe?

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wajua tunachokiogopa nje ya mlango wetu. Simama pamoja nasi kizingitini, ili tufungue na kuipokea nuru yako. Amina.