Kiti Mwendo cha Umeme: Tujiulize Kabla ya Kuomba

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, Mitundu)



Nimeombwa nieleze habari za viti mwendo vya umeme, vile vinavyoongozwa kwa kijiti kidogo kiitwacho joistiki. Kiti hicho ni ndugu wa roboti ya magurudumu. Chini kina betri na mota mbili, kila moja na gurudumu lake. Ukisukuma kijiti mbele, mota zote huzunguka sawasawa. Ukikielekeza kushoto, gurudumu la kulia huenda kasi zaidi na kiti hugeuka. Ukikiachia, hurudi katikati na kiti husimama.

Kwa mtu asiye na nguvu za mikono, kijiti hicho humfikisha kanisani, shuleni au sokoni bila kumngoja msukumaji. Hilo si jambo dogo.

Lakini ugumu hauko kwenye kijiti. Betri za risasi huchajiwa usiku kucha, na zikiachwa tupu kwa muda mrefu huharibika. Kiti cha aina hii huweza kuzidi kilo 80. Kikikwama mchangani, mtoto hawezi kukinasua. Tena, kiti kisicholingana na mwili huleta vidonda.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya kusukumwa kwa mkono. Hatua zake nane zinatufaa hapa pia, kwa kuwa zinaanzia kwenye rufaa na kupimwa, zikaishia kwenye kumfundisha mtumiaji na matengenezo. Hapa nchini, chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa kazi hiyo.

Kwa hiyo naziomba kamati: kabla ya kuandika barua ya maombi, mtembeleeni mhusika nyumbani na mumsikilize yeye kwanza. Pimeni upana wa mlango. Tazameni njia yake wakati wa masika. Ulizeni umeme au sola ipo wapi, na nani atachaji. Mwenye mikono yenye nguvu huenda akafaidika zaidi na baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mkono, ambayo fundi baiskeli wa kijijini anaweza kuitengeneza.

Nanyi wafadhili, katika bajeti ya kiti wekeni pia betri za akiba na nauli ya kwenda kwa fundi. Bila hivyo, kiti kitaishia stoo, na mwenyewe atabaki ndani kama zamani.