Tuingiapo Mahali pa Tambiko



Huko Rungwe, mkoani Mbeya, pako mahali paitwapo Lubaga, penye msitu wa tambiko la Lwembe. Wanyakyusa walimwendea Lwembe kuomba mvua na rutuba ya mashamba. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1959, aeleza kwamba wazee wa tambiko wa Kikinga nao walifika hapo wakichukua majembe, toka milima ya Makete, nchi iliyokuwa ya mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012.

Je, sisi Wakristo tukifika mahali kama hapo, tuingie na moyo gani? Wapo wanaocheka, na wapo wanaotamani kushika shoka. Mtume Paulo, alipoikuta Athene madhabahu ya Mungu asiyejulikana, hakuivunja. Alianzia hapo kuhubiri. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kuyaheshimu yaliyo ya kweli katika dini nyingine.

Kuheshimu si kuabudu. Hatutoi sadaka msituni. Sadaka yetu ni moja, naye ni Kristo. Lakini mzee yule aliyevuka milima na jembe begani, akaombe mvua kwa ajili ya nchi nzima, atuhoji sisi tunaochelewa Misa ya jirani, na tukifika tunajiombea wenyewe tu.

Mungu, aliyeijua kiu ya wazee wetu, atufundishe kuwaombea wote. Amina.