Maneno ya parke na tribinali

Ndugu zangu, sisi tuliotoka Nyarugusu tulizoea kusikia mshtakiwa, mahakama, dhamana. Hapa Kongo wanasema Kifaransa, na mtu anatia sahihi bila kuelewa.

Gardavi ni kushikwa na OPJ. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema isipite saa 48: wakuachilie ao wakufikishe parke. Tena wakuambie sababu palepale, katika luga unayoelewa. PV ni maneno yako yenye kuandikwa. Omba wakusomee kwa Kiswahili mbele ya kutia sahihi, maana kuyageuza kisha ni kazi kubwa.

Prevenu amefika mbele ya tribinali, lakini bado hajahukumiwa. Basi mama, mtoto akiitwa prevenu, usikimbilie kuuza mbuzi eti amekwisha kupatikana na kosa. Kwanza uliza: hukumu ilitoka?