Jeraha Lisiloonekana: Wazee Wetu Baada ya Ajali za Barabarani



Tumezoea kuja mbele yenu kuzungumzia mwendo wa kasi, kofia za bodaboda na madereva walevi. Leo tunazungumzia yanayofuata baada ya gari kuvutwa na jalada kufunguliwa.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Mama mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 alinusurika katika ajali ya basi dogo kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu. Mkono wake uliovunjika ulipona. Tulipomwita kuandikisha maelezo, hakuja. Tulipomwita tena, alifika kwa miguu, akitetemeka, na maelezo yake yakapishana: mara lori lilitoka kulia, mara kushoto. Tukamhesabu kuwa shahidi asiyeaminika. Nyumbani nako wakasema ni uzee. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba hakuwa amepanda gari tangu siku ile, na kwamba kila honi ilimrudisha ndani ya basi lile. Hakuwa mkaidi, wala hakuwa amepungukiwa akili. Alikuwa mgonjwa, nasi tulimwongezea maumivu.

Madaktari huuita ugonjwa huu mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Mtu yeyote aliyeponea chupuchupu huweza kushtuka ovyo na kukosa usingizi kwa siku kadhaa, na kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe. Lakini ukipita mwezi mzima naye angali anaota ajali ile, anaikwepa barabara, anajitenga na watu au anagutuka kwa kila kishindo, apelekwe kutibiwa.

Kwa wazee, ugonjwa huu hujificha. Mara nyingi mzee hasemi kwamba anaogopa; husema kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, tumbo halitulii. Akiacha kwenda sokoni, kanisani au msikitini, jamaa hudhani ni uchovu wa umri. Tena wazee wetu wamebeba mengi. Barabara hiyo hiyo hupita Luweero, palipopiganwa vita katika miaka ya 1980, ikafika Acholi, ambako watu waliishi kambini kwa miaka mingi. Ajali moja huweza kufukua mambo ambayo mzee alikwisha kuyazika.

Kwa upande wetu, tunaahidi mambo mawili. Kwanza, katika eneo la ajali tutafuata hatua tatu zilizomo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Tutaangalia usalama na mahitaji ya haraka ya mtu. Tutamsikiliza bila kumshurutisha kusimulia. Tutamuunganisha na jamaa zake na huduma za afya. Pili, mzee aliyeumia anaweza kuomba tumfuate nyumbani kuandika maelezo yake, akiwa na mtu anayemwamini, na kupumzika kila anapochoka. Maelezo yanayopishana hayatachukuliwa papo hapo kuwa uongo.

Nanyi jamaa, msimwambie mzee asahau tu. Msimpe dawa za usingizi bila agizo la daktari, kwani kwa mzee huleta kizunguzungu na kuanguka. Msimlazimishe kupanda gari, wala msimwache ajifungie ndani. Kwa ushauri wa mhudumu wa afya, mrudisheni barabarani kidogo kidogo: leo asimame kando ya njia na mjukuu wake, siku nyingine asafiri safari fupi.

Ugonjwa huu una tiba. Yapo mazungumzo ya tiba pamoja na mtaalamu, na zipo dawa anazoagiza daktari. Anzieni kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo mgonjwa huweza kuelekezwa kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, au Butabika, Kampala.

Mama yule alitibiwa. Maelezo yake tuliyaandika upya nyumbani kwake, chini ya mwembe, kwa siku tatu, binti yake akiwa kando. Safari hii tulimsikiliza mpaka akamaliza.

Sasa tunawakaribisha wazee waanze kuuliza maswali.